Neno Alilotukataza Mwalimu

Mwalimu wetu wa Kiingereza pale Marani alitugawia maneno kama mama mwenye nyama kidogo na watoto wengi. Yale ya kila siku alituachia tuyale tutakavyo. Mengine aliyafunika na kutuambia tungoje. Na kuna moja alilolikalia kabisa, akasema tusiliguse mpaka tukue, na tulipokua akasema bado. Neno lenyewe ni "yearn".

Ukifungua kamusi utaambiwa maana yake ni kutamani sana, kuwa na hamu kubwa. Mwalimu alisema aliyeandika hivyo alikuwa anakimbilia chakula. Kutamani sana, alisema, kila mtu anatamani sana, hata mbwa wa kwa chifu. Ikiwa hiyo ndiyo maana, Waingereza hawangejisumbua kutengeneza neno jingine.

Darasani kulikuwa na msichana anaitwa Nyaboke, mwenye mdomo mwepesi na tumbo jepesi zaidi. Siku moja tulipoambiwa tutunge sentensi, Nyaboke alisimama akasema kwa Kiingereza safi kwamba darasa zima lina "yearn" kwa ajili ya chakula cha mchana. Sisi tulidhani atapigiwa makofi. Mwalimu akamuuliza chakula ni saa ngapi. Saa saba. Kitakuja? Kitakuja, Mwalimu. Kilikuja jana? Kilikuja. Basi, akasema Mwalimu, wewe una njaa, kaa chini. Nyaboke akakaa, na chakula kikaja saa saba kama kawaida, mahindi na maharagwe, maharagwe yakiwa machache.

Siku hiyohiyo, nadhani kwa sababu ya kuudhika, alituchorea ubaoni. "Want" ni ndizi iko sokoni na wewe una miguu. "Miss" ni mtu ametoka na atarudi, na wakati hajarudi nyumba imekuwa kubwa. Halafu akaandika lile neno lake chini kabisa, akakaa akiliangalia, akasema kwa Kikisii, jambo ambalo shuleni tulikuwa tukichapwa kwa ajili yake, kwamba hilo ni pale mtu ameshaangalia barabara mpaka akajua hakuna anayekuja, na bado anaangalia. Akalifuta kabla hatujanakili. Tulikuwa watoto, tukacheka.

Mimi ni Moraa. Sasa nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi mjini Kisii, na kazi yangu kubwa ni marehemu. Harusi hazilipi, na watu wa harusi wanabishana juu ya rangi. Watu wa mazishi hawabishani, wanataka picha iwe kubwa na Kiingereza kiwe kingi. Maana kwetu mtu anaweza kuzaliwa kwa Kikisii, akalima kwa Kikisii, akagombana na ndugu zake kwa Kikisii miaka yote, na akaugua kwa Kikisii mpaka pumzi ya mwisho, lakini akishakufa ni lazima azikwe kwa Kiingereza. Wasifu wake utasomwa kwa Kiingereza chini ya hema, wajukuu watasoma salamu za rambirambi kwa Kiingereza, na mjane, ambaye hajawahi kusema na marehemu hata sentensi moja ya lugha hiyo, atatikisa kichwa pale anaposikia jina lake.

Hapo ndipo Mwalimu alipopata kazi baada ya kustaafu. Kila familia yenye msiba, kuanzia Marani mpaka Suneka, ilimpelekea karatasi zake azinyooshe kabla hazijaletwa kwangu. Alizinyoosha kwa kalamu nyekundu, hata zile za watu alioenda nao jando. Uongo hakuugusa. Niliwahi kumpa wasifu wa mzee mmoja tuliyemjua sote, aliyempasua ndugu yake kichwa kwa jembe kwa sababu ya mpaka wa shamba, na karatasi ikisema alikuwa mpenda amani aliyeheshimu mipaka. Nilidhani atacheka. Alisahihisha mkato mmoja akanirudishia. Nilipomuuliza, alisema uongo ni wa familia, yeye aliitiwa Kiingereza tu.

Lakini lile neno alilifuta kila mahali. Wajukuu walilipenda mno. Sijui walilitoa wapi, labda katika simu, maana zamani watu waliandika tu kwamba pengo lake halitazibika. Sasa kila karatasi ilikuwa na mtu anaye-"yearn" tabasamu la babu, hata babu ambaye tabasamu lake halikuwa na shahidi. Mwalimu alilikata, akaweka "miss" juu yake, na pembeni akaandika alama ya kuuliza. Wajukuu walilalamika kwangu kwa Sheng, eti mzee ana-spoil vibe. Niliwaambia waende wamwambie yeye. Hakuna aliyeenda.

Jirani yangu dukani ni mzee wa duka la vitabu, Mhindi wa kuzaliwa hapahapa, anayesema Kikisii kilichonyooka kuliko cha watoto wangu. Yeye ndiye aliyemuuzia Mwalimu kalamu nyekundu, na yeye pekee ndiye aliyebishana naye. Watoto wake wote wako Uingereza. Kila alipowataja alisema ana-"miss" sana, na Mwalimu alimpongeza kwa matumizi sahihi, kwa sababu watoto wenyewe walikuja kila Disemba na masanduku matatu kila mmoja, wakalalamika juu ya joto, wakaondoka. Siku moja mzee wa vitabu alimuuliza, akiwa anapanga daftari, Mwalimu mwenyewe, mwanawe aliye Marekani amwekee neno gani. Mwalimu alijibu kwamba kijana anakuja Disemba. Mzee wa vitabu akaendelea kupanga daftari. Nilikuwa mlangoni nikingoja chenji, na sikumbuki kama niliichukua.

Nisiruke mambo, ila siwezi kuyaweka kwa mpangilio pia, maana mtu mwenyewe hakuwa na mpangilio. Alifundisha Kiingereza maisha yake yote na ng'ombe wake hawakujua neno moja la Kiingereza. Kiswahili alikidharau, akisema ni lugha ya askari na makondakta, lakini akikasirika kweli hakuna lugha nyingine iliyomtoka. "Wewe kijana, wacha hiyo ujinga yako," alisema, na huyo kijana alikuwa karani wa kaunti mwenye shahada mbili. Alisema machozi ni uvivu wa kutafuta maneno, na nilimwona kwa macho yangu akilia kwa sababu redioni timu ya taifa ya Harambee imefungwa bao la dakika za mwisho.

Kijana mmoja wa Birongo alimjia na simu mkononi. Alikuwa na msichana Nairobi, na alikuwa amemwandikia ujumbe mrefu wenye lile neno mara mbili, akataka Mwalimu aupitie kabla hajautuma. Mwalimu akauliza kama msichana hupokea simu. Hupokea. Amemfukuza? Hajamfukuza. Nauli anayo? Anayo. "Basi wewe hauna shida ya mapenzi," Mwalimu alimwambia. "Wewe ni mvivu. Panda gari." Akafuta ujumbe wote na kuandika: nitafika Jumapili. Kijana alifika Jumapili. Kadi ya harusi yao niliichapa mimi, na rangi walibishana wiki mbili.

Mhubiri wetu pia alipata fungu lake. Sisi ni watu wa kanisa la Jumamosi, na Jumamosi moja mhubiri alisimama akasema kwa Kiingereza kwamba nafsi zetu zina-"yearn" kurudi kwake Bwana. Nje, baada ya ibada, watu wakisalimiana, Mwalimu alimvuta kando akamuuliza kwa upole kama ana habari yoyote kwamba Bwana ameahirisha safari. Mhubiri akasema hapana, atakuja, ni hakika. Mwalimu akamwambia basi hiyo inaitwa kungoja, na watu wanaongoja mgeni wa hakika hufagia uwanja, hawalii. Mhubiri alikaa miezi kadhaa bila kumpa nafasi ya kusoma somo.

Aliyepata ruhusa ya kulitumia alikuwa mmoja tu, na hapo ndipo nilipojua Mwalimu ana sumu. Mheshimiwa wetu wa wadi huja kwenye kila mazishi, hata ya mtu aliyempigia kura mpinzani wake. Siku hiyo alishika kipaza sauti, akasahau marehemu mara moja kama kawaida, akasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba watu wa wadi hii wana-"yearn" kwa barabara ya lami. Watu wakamgeukia Mwalimu kwenye kiti chake cha mbele, maana wote walijua. Mwalimu akainuka kidogo, akaomba kusema. Akasema kwa miaka mingi amesikia neno hilo likitumiwa vibaya katika mahema haya, na leo kwa mara ya kwanza amesikia mtu akilitumia kwa usahihi kamili. Akakaa. Mheshimiwa akashukuru sana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: kuanzia siku hiyo alilirudia katika kila mazishi, na kila mara wazee wa Marani walipiga makofi kuliko alivyotarajia. Barabara mpaka leo ni ya vumbi, na ikinyesha ni ya matope.

Sasa nije kwa kijana wake, maana bila yeye haya yote yangekuwa ya kuchekesha tu.

Kijana aliondoka kwenda Marekani, kule kwenye baridi walikojaa watu wetu, akiwa na cheti kizuri na sweta moja. Alisoma, akafanya kazi ya kutunza wazee wa watu, akaoa huko. Alimwoa msichana wa Nyamira aliyekutana naye kanisani hukohuko, kwa hiyo hatuwezi hata kumlaumu mzungu. Karatasi zake za kuishi huko hazikukaa sawa kwa muda mrefu. Akitoka Marekani asingeruhusiwa kurudi huko, na akibaki asingeweza kuja kutuona. Lakini pesa zilitoka, na kwa pesa hizo alijenga nyumba katika boma la baba yake, hatua chache kutoka kwa ile ya wazazi: mabati ya rangi nyekundu, madirisha makubwa, vigae sakafuni, na sebule yenye makochi ya kijani ambayo hayajawahi kutolewa nailoni yaliyokuja nayo.

Mwalimu hakuwahi kuingia katika nyumba hiyo.

Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Tunaiita ensoni, na ni aibu na heshima kwa pamoja, huwezi kutoa moja ukabaki na nyingine. Chumba anamolala mkaza mwana si cha baba mkwe kupita. Wazee wetu husema baba akivuka kizingiti hicho ni kama amemfuta mwanawe, kwa sababu nyumba ambayo baba anaingia tu ni nyumba isiyo na mwenyewe. Vijana wa mjini hawajali sana siku hizi, baba anaingia, anatazama mpira, anaombwa abebe mtoto. Mwalimu alijali. Huyo mkaza mwana alikuwa hajawahi hata kuona rangi ya mlango, achilia mbali kulala ndani. Kitanda kilikuwa hakijatandikwa tangu kiletwe na fundi wa Suneka. Lakini Mwalimu alikipa heshima kamili, akapita mbali na dirisha lake akiwa ameangalia upande wa migomba.

Mama wa kijana ndiye aliyeifungua na kuipeperusha. Alipofariki, ufunguo ulikuja kwangu, kwa sababu boma letu linapakana na lao na mimi huja nyumbani Jumapili. Basi kila Jumapili niliingia nikafungua madirisha, na Mwalimu akasimama nje kwenye ukingo wa majani, kofia mkononi, akiniuliza maswali kupitia ukuta. Kuna panya? Hakuna, Mwalimu. Dari imevuja? Kidogo, chumba cha nyuma. Umeangalia nyuma ya kabati? Nimeangalia. Nilimtania mara moja, nikamwambia aingie tu ajionee, maana ndani hakuna mtu wa kumwonea haya.

"Moraa," alisema, "ensoni haiulizi kama mtu yuko. Kama mimi naingia, ni nani atasema huyu kijana ako na boma?"

Sikumtania tena juu ya hilo.

Mazishi ya mama yalikuwa makubwa. Kulikuwa na mahema manne na kamera iliyorushwa angani ikawatisha kuku wa majirani wote. Kijana hakuja. Alituangalia kupitia simu iliyofungwa kwenye kigingi mbele ya jeneza, na kijana wa kamera aliisogeza kila mara ili watu wa Marekani waone vizuri, mpaka wanawake wazee wakaanza kuipungia mkono ile simu kana kwamba ni mtu. Salamu zake za rambirambi zilikuja kwangu usiku wa kuamkia mazishi, nami nikazipeleka kwa baba yake asubuhi, kwa sababu hakuna karatasi iliyokuwa inapita bila yeye. Nilitamani sana kuzichapa bila kumwonyesha, lakini mtu yeyote wa Marani angejua.

Alizisoma akiwa amesimama kwenye mlango wa jiko, wanawake wakimenya viazi nyuma yake. Kijana aliandika vizuri. Mwishoni aliandika kwamba yeye na familia yake wata-"yearn" kwa mama yao milele. Mwalimu akatoa kalamu. Akalikata neno, akaandika "miss" juu yake, na pembeni akaandika: huyu tutaonana naye. Kisha, kwa mazoea, maana mkono wa mwalimu haustaafu, akaweka alama chini ya ukurasa. Alimpa sita kati ya kumi. Akanirudishia karatasi, akaenda kuongea na watu wa hema. Nilichapa kama alivyosahihisha, ila alama sikuiweka. Nilikumbuka jinsi alivyomsumbua mhubiri juu ya kungoja, na nikaona kwamba siku hiyo aliamini kila neno la mhubiri kuliko mhubiri mwenyewe.

Baada ya hapo alizeeka haraka. Akaanza kutembea na fimbo, akawa anarudia hadithi. Lakini kila Novemba alikata majani ya njia ya kuelekea nyumba ya kijana, na aliyemuuliza alijibiwa Disemba. Mwanzoni watu walimcheka. Watu wa Marani hawana huruma ya haraka, inabidi uwape muda. Baadaye wakaacha kumcheka, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu ilimaanisha wote wamejua.

Mwezi uliopita kijana alinipigia simu dukani. Nilikuwa natoa nakala za wasifu wa mama mmoja wa Suneka, na nikaiweka simu begani nikiendelea. Aliongea Kiingereza kutoka mwanzo mpaka mwisho, kile cha kule, cha kupitia puani. Karatasi zake zimekaa sawa sasa, alisema. Angeweza kusafiri. Lakini wamenunua nyumba huko, watoto wako shule, mke ana kazi nzuri hospitalini, na wameamua. Hawatarudi kuishi Kisii. Kuna daktari kijana amepangiwa kituo cha afya cha Marani, Mkamba, anatafuta nyumba. Nyumba inaoza bure, ikikodishwa mzee atapata chochote. Akaniomba nimwambie baba yake. Akaniomba nimwambie vizuri.

Mashine iliendelea kutoa nakala na mimi nikasahau kuizima. Nilimuuliza kwa nini asimwambie mwenyewe. Akasema amejaribu, kila akianza mzee anamuuliza hali ya hewa.

Jumapili alasiri nilienda. Kulikuwa na jua baada ya mvua na ng'ombe wa Mwalimu alikuwa amelala njiani kama kawaida yake. Mwalimu alikuwa nje ya nyumba yake kwenye kiti cha mbao, akinywa uji. Alitaka twende moja kwa moja kwenye madirisha. Nikamwambia nina habari, nikakaa kwenye gogo, na nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima, na yote yalinitoka. Nilisema, Mwalimu, kijana amenipigia. Amesema hatarudi.

Hakushtuka. Aliweka kikombe chini.

"Alisema na lugha gani?"

"Kiingereza."

"Basi hajasema."

Nikamwambia amesema, Mwalimu, nimemsikia vizuri, na habari ya daktari pia ameitaja. Mwalimu akatikisa kichwa. Tulikuwa tunaongea Kikisii, na nakiandika hapa kwa Kiswahili kwa ajili yenu, lakini sikuongeza neno.

"Nimefundisha hiyo lugha maisha yangu yote," alisema. "Mtu anaweza kusema chochote ndani yake na asiumie. Kama kijana wangu harudi, aniambie na maneno ya mama yake. Mpigie."

Nikapiga. Kule ilikuwa asubuhi. Kijana alipokea akidhani ni mimi peke yangu, na alipojua simu imewekwa sauti ya nje akaanza kumsalimu baba yake kwa Kiingereza, akauliza habari ya mguu, habari ya dawa, kisha akashuka polepole kwenye ile habari yenyewe. Alizungumza vizuri. Alieleza masomo ya watoto na gharama na baridi. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kama anavyomsikiliza mtoto anayesoma kitabu kwa sauti. Halafu akasema hiyo amesikia kwa Moraa. Sasa amwambie yeye, kwa lugha ya nyumbani.

Tulisikia mtoto huko nyuma akiuliza kwa Kiingereza ni nani, na mwanamke akimtuliza. Kisha nikadhani laini imekatika, nikaangalia, haikuwa imekatika.

"Tata," kijana akasema.

Ndiyo "baba" kwa Kikisii. Akalirudia. Akasema ngoja kidogo. Mwalimu akangoja, mikono juu ya fimbo, na mimi nikaangalia chini kwa sababu sikutaka kumwona mtu yeyote kati ya hao wawili, hata yule asiyeonekana. Kisha kijana alisema. Alisema kwa Kikisii cha Marani kabisa, bila kitu cha puani ndani yake, kama mtoto aliyeitwa kutoka shambani. Alisema, tata, sitarudi. Akaanza kulia, na hakuongeza sababu.

"Sasa umesema," Mwalimu akamwambia.

Akamuuliza watoto wamekula nini asubuhi. Akamuuliza mkubwa anasoma vitabu au ni simu tu. Akamwambia amsalimie mke wake, na kwamba daktari aje tu, hakuna shida, na kwamba asilie mbele ya watoto. Kisha akanipa ishara, nikakata.

Nilimngoja aseme lile neno lake. Sasa alikuwa na haki nalo kuliko mtu yeyote niliyemjua. Hakulisema, wala Kiingereza chochote.

"Nilijua, Moraa," alisema baadaye. "Tangu tumzike mama yake nilijua. Lakini kujua na kuambiwa si kitu moja. Inaniuma hapa." Akaweka mkono chini ya mbavu, upande wa kushoto, kama mgonjwa anayemwonyesha daktari.

Nikamwambia pole, Mwalimu. Hilo tu, mimi ninayechapa rambirambi za wilaya nzima.

Akaniomba ufunguo. Nikadhani anataka kuuweka ili ampe daktari. Akainuka kwa fimbo, akapita kwenye majani aliyoyakata mwenyewe, akafika mlangoni, akafungua. Hakuangalia migomba. Akavua kofia na kuingia ndani ya nyumba ya mwanawe, na mimi ndiye niliyebaki nje kwenye ukingo wa majani.

Nilisikia madirisha yakifunguka moja moja. Nilisikia fimbo yake kwenye vigae ikienda chumba cha nyuma, ikikaa huko kwa muda, ikirudi sebuleni.

"Moraa, hizi makochi bado ziko na nailoni?"

"Bado, Mwalimu."

"Daktari atakalia nailoni kweli?"

Akakohoa. Kisha nikasikia nailoni ikichanika, polepole, kochi moja baada ya jingine.